Kona Inayozima Greda

Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, na upande wa kusini inachomoka barabara ya Njombe na Songea. Tuliondoka alfajiri, mwezi wa Oktoba, mimi na binti anayejifunza kazi kwangu baada ya kumaliza masomo ya umeme wa magari VETA. Nyuma ya gari tulipakia sanduku la vifaa, roli za waya, na balbu kadhaa za volti 24 nilizokuwa nimeziunganishia nyaya ndefu. Tulikuwa tunaelekea milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambako greda la mkandarasi mmoja lilikuwa linazima katikati ya kazi, kisha linawaka na kuendelea kama kawaida.

Taarifa niliyopewa kwa simu ilikuwa fupi: linazima ghafla, linakataa kuwaka kwa muda, halafu linakubali. Nilipouliza limefanyiwa nini, orodha ikawa ndefu. Filta za dizeli zimebadilishwa. Pampu ya kuvuta mafuta imebadilishwa. Betri mbili mpya. Altaneta mpya. Mwisho ikaagizwa solenoidi ya kuzimia injini kutoka Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa basi hadi Songea. Baada ya kila badiliko greda lilifanya kazi kidogo, watu wakapongezana, kisha likazima tena. Na barabara lililokuwa linaichonga ni ya vijijini, ile inayoshusha kahawa na kupandisha mbolea. Mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo uliokwisha kufumuliwa ukikutwa na mvua kabla haujasawazishwa na kushindiliwa, hugeuka tope, na vijiji vya juu hukaa bila gari msimu mzima. Safari yangu ilikuwa na haraka hiyo.

Njombe asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya kuvaa koti. Tulikunywa chai ya rangi kando ya barabara, tukapita mashamba ya chai na bustani za parachichi zinazozidi kuongezeka kila nikipita huko. Hapo ndipo binti aliponiuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri.

"Fundi, tukifika tukakuta greda linawaka vizuri, tutapima nini?"

Hilo ndilo swali linalowatesa mafundi umeme wa mitambo mizito. Hitilafu ya kudumu haina fumbo. Waya umekatika, umeme haupiti, mita inaonyesha, unaunga, unaondoka. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayokula fedha na usingizi, kwa sababu fundi akifika mara nyingi haipo, na yeye hawezi kukaa bila kufanya kitu. Basi anabadilisha kifaa. Nilimwambia binti kwamba shaba na chuma havibadili nia. Saketi ikifunguka saa nane mchana na kujifunga saa nane na robo, kuna kitu kimebadilika kati ya nyakati hizo mbili, na kitu hicho kina jina. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimezoea kuvipanga katika mafungu matano: joto, mtikisiko, maji, mkao wa mtambo, na mzigo wa umeme. Kazi yetu huko Mbinga ingekuwa kujua ni lipi, au ni mangapi kwa pamoja, kabla ya kugusa spana.

Mteremko wa Lukumburu ulinipa mahali pazuri pa kueleza. Malori hushuka pale kwa gia ndogo, injini zikinguruma na kila kilichofungwa juu yake kikitetema. Mtikisiko mdogo wa namna hiyo ukidumu, husugua pini za shaba ndani ya soketi zake. Kwenye mguso kunajengeka unga mwembamba mweusi wa oksidi, ambao jicho huuona kama uchafu tu lakini unauzuia umeme. Fundi akichomoa plagi na kuirudisha, pini zinasuguana, zinang'aa, na tatizo linatoweka. Baada ya muda unga unarudi. Nilimtaka binti alishike hilo, kwa sababu linaeleza kwa nini kifaa kipya huonekana kimeponya mtambo. Huwezi kubadilisha altaneta au solenoidi bila kuchomoa plagi, kuvuta nyaya, kuzigusa na kuzisogeza. Yawezekana kilichosaidia ni kule kusogeza, na kifaa cha zamani kilichotupwa kilikuwa kizima.

Maji yana ujanja wake. Saiti nyingi huosha mitambo kwa mashine ya presha, na maji yanasukumwa hadi ndani ya plagi ambazo mvua isingezifikia kamwe. Mtambo unagoma siku ya kuoshwa, unapona ukikauka. Kuna pia jambo ambalo mafundi wenyewe hulisababisha: kutoboa ganda la waya kwa ncha ya mita ili kupima haraka. Tundu lile halionekani, lakini maji huingia na kutembea kati ya nyuzi za shaba. Nilishawahi kuchubua waya wa kijiko kilichofanya kazi kwenye hewa ya chumvi ya Mtwara, nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani mbali kabisa na pale palipotobolewa. Joto nalo hufungua ufa mdogo wa lehemu ndani ya rilei, ufa unaojifunga ukipoa. Mzigo wa umeme hujionyesha usiku, pale opereta anapowasha taa zote na vipangusio vya kioo kwa pamoja, na umeme wote huo unalazimika kurudi betrini kupitia boliti moja ya erthi iliyofungwa juu ya rangi. Mchana boliti ile inatosha. Usiku haitoshi.

Tulilala Songea, chini ya milima ya Matogoro ambako mto Ruvuma unaanzia. Kesho yake tulishika barabara ya Mbinga, karibu kilomita 100, na kabla hatujafika mbali tukaanza kupishana na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka. Mitambo inayotumika kwenye kazi za namna hiyo siku hizi ina kompyuta ya injini, na watu wengi hudhani kompyuta imemaliza shida. Imeisaidia kazi, ndiyo. Inaandika kodi (msimbo) ya hitilafu, inaonyesha imetokea mara ngapi, na mara nyingi inahifadhi hata saa ya injini ilipotokea. Lakini kodi inataja saketi. Haikuambii ni kifaa kipi katika saketi hiyo kilichokufa.

Nilimpa binti mfano wa ekskaveta niliyoitwa kuitengeneza. Kompyuta yake ilikuwa inaandika kodi za sensa tatu tofauti, na sensa zote tatu zilikuwa zimebadilishwa. Nilichokiangalia mimi ni saa: kodi zote zilijiandika wakati mmoja. Sensa tatu hazifi pamoja. Kuna kitu zinashirikiana, na zile zilikuwa zinashirikiana laini moja ya volti 5 inayotoka kwenye kompyuta. Mahali fulani nyuma ya injini, waya wa mojawapo ulikuwa unasugua bano la chuma, na kila ekskaveta ilipozunguka kwa nguvu ulipiga shoti kwa nukta moja, ukaishusha laini nzima. Tuliweka kipande cha mpira na ganda jipya, ikaisha. Ni hivyo hivyo kwa nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta za mtambo huzitumia kuzungumza. Kila mwisho wa laini ile kuna kizuizi cha omu 120, hivyo ukipima kati ya nyaya hizo mbili umeme ukiwa umezimwa unapaswa kupata omu 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukitikisa nyaya huku mtu mwingine anaangalia mita, namba ikaruka kutoka 60 kwenda 120 na kurudi, umepata mahali bila kununua chochote.

Baada ya mji wa Mbinga tuliacha lami na kupanda. Umatengo ni nchi ya miteremko, na Wamatengo wameilima kwa ufundi wao wa ngolo tangu zamani. Hufyeka majani, huyapanga kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote unakuwa miraba, kisha huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Mazao hupandwa juu ya matuta yanayozunguka mashimo. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kukimbia bondeni na rutuba. Ni nchi nzuri kuitazama na ngumu kuichonga barabara. Hakuna mahali pa kwenda moja kwa moja. Barabara inapinda, inapanda, inapinda tena, na greda linalofanya kazi huko halikai limenyooka hata dakika chache. Nililiandika hilo kwenye daftari kabla hatujafika saiti.

Tulimkuta foromani, kijana mchangamfu aliyechoka kupigiwa simu na ofisi yake, na tukamkuta opereta, mzee mwenye miaka mingi kwenye usukani wa greda. Greda lenyewe lilikuwa linawaka vizuri kabisa, kama binti alivyohofia. Kabla sijamsogelea opereta, watu wawili waliniita pembeni kwa nyakati tofauti wakaniambia maneno ya kufanana: kwamba mzee analizima mwenyewe ili apumzike jua likiwa kali. Kulikuwa na minong'ono ya wizi wa dizeli pia. Hitilafu isiyoonekana kwa fundi hupewa haraka sana sura ya mtu, na mtu huyo huwa yule aliye karibu na mtambo na mbali na ofisi. Nimeliona likitokea mahali pengi na linanikera kila mara.

Wanakijiji walikuwa na maelezo yao. Kulikuwa na kona moja, chini kidogo ya mti mkubwa ambapo wazee wa zamani walifanyia matambiko, na greda lilizimia hapo zaidi ya mahali pengine popote. Walisema mahali pale pana wenyewe na hapakuombwa ruhusa. Niliwasikiliza kwa makini, nikaandika: kona, chini ya mti. Mtu aliyetazama jambo likijirudia mahali pamoja ametupa kipimo, hata kama mimi na yeye tutaeleza sababu kwa njia mbili.

Kisha nikaenda kukaa na opereta kivulini, sanduku la vifaa likiwa bado garini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelilalia greda lile alikuwa yeye peke yake.

"Shikamoo mzee," binti alimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa, mzee. Tumekuja kukuuliza kuhusu greda lako. Likizima, linakohoa kwanza au linakata mara moja?"

"Linakata mara moja. Halikohoi, halipungui nguvu."

"Na taa za dashibodi?"

"Zinabaki zinawaka."

"Ni wakati gani hasa?"

"Asubuhi halijawahi. Kuanzia saa saba, saa nane, ndipo linaanza."

"Ukiwa kwenye kona ile, mzee, unafanya nini ambacho huku kwingine hukifanyi?"

Alifikiri. "Nalikunja. Kushoto, mpaka mwisho. Bleidi inakata upande wa mlima, na nisipolikunja magurudumu ya nyuma yanaelekea bondeni."

"Na linawakaje tena?"

"Nasubiri lipoe, najaribu, najaribu, mwisho linakubali. Likiwaka tu nalinyoosha haraka. Likinyooka halizimi."

Nilimuuliza kama amewahi kumweleza mtu hayo. Alisema hakuna aliyemuuliza. Mafundi walipofika walifungua boneti.

Majibu yale yalikuwa na thamani kuliko vifaa vyote vilivyonunuliwa. Injini ya dizeli inayokosa mafuta hukohoa na kudhoofika kabla ya kufa. Inayokata mara moja imekatiwa umeme wa kuishikilia. Basi filta na pampu hazikuwa na hatia. Taa za dashibodi zikibaki zinawaka, umeme mkuu upo; betri na altaneta nazo hazikuwa na hatia. Ilibaki saketi moja nyembamba: inayotoka kwenye swichi ya ufunguo kabini, ikapita kiungo cha katikati, ikafika kwenye solenoidi ya injini nyuma. Na katika saketi hiyo kulikuwa na mambo mawili yaliyokutana, joto la mchana na mkao wa kukunjwa kushoto. Greda lile kabini yake iko fremu ya mbele na injini fremu ya nyuma. Fremu hizo zinakunjana kwa takriban nyuzi 20 kila upande, na kila waya unaotoka kabini kwenda injini lazima upite hapo katikati.

Tulianza na kipimo rahisi ili binti aone jinsi mita inavyoweza kumpoteza mtu. Alichomoa waya kwenye solenoidi, akapima: volti 24 na ziada. "Umeme upo," alisema. Nilimwambia mita inakunywa umeme kidogo mno. Waya wenye nyuzi nyingi ukikatika nyuzi zake ukabaki na uzi mmoja tu, mita bado itaonyesha volti zote, kwa sababu haiombi chochote. Umeme hupimwa ukiwa unafanya kazi. Tukafunga balbu ya taa kubwa ya wati 70, inayovuta karibu ampea 3. Greda likiwa limenyooka, balbu iliwaka vizuri. Kwa hiyo asubuhi ile waya ulikuwa unashika. Tusingejua zaidi mpaka tuufikishe mahali unapoachia.

Nikatoa balbu ndogo za wati 5 zenye nyaya ndefu. Ya kwanza tuliifunga kwenye swichi ya ufunguo. Ya pili kwenye plagi iliyo mbele ya kiungo. Ya tatu kwenye solenoidi yenyewe, nyuma kabisa. Tulizipenyeza ncha kwa nyuma ya plagi, bila kutoboa waya wowote. Balbu zote tatu tukazibandika kwa tepu mbele ya opereta, zikiwa zimepangwa kuanzia kushoto kwenda kulia kama umeme unavyosafiri. Nikamwomba mzee afanye kazi yake ya kawaida, asituogope, asitusubiri. Likizima, atazame ipi imezimika kabla hajagusa kitu.

Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika, na ndipo mafundi wengi wanapokosea njia. Foromani alitaka tulikunje greda pale pale asubuhi. Nilimwambia asubuhi tutapata jibu la asubuhi. Mtambo ukiwa na hitilafu ya joto, pima ukiwa umepata joto, mahali penye mteremko, bleidi ikiwa na mzigo. Tuliacha greda likichonga huku sisi tukitembea nyuma yake juani, mbali na kiungo, kwa sababu nafasi ile kati ya fremu mbili inaweza kumbana mtu akafa. Wanakijiji walikuja kutazama. Saa nane ilipokaribia, greda likafika kona ya chini ya mti. Mzee akalikunja kushoto, bleidi ikauma mlima, na injini ikanyamaza.

"Ya tatu!" alipaza sauti kutoka kabini. "Mbili zinawaka, ya tatu imezima!"

Swichi ilikuwa salama. Waya hadi kwenye plagi ulikuwa salama. Mkato ulikuwa kati ya plagi na solenoidi, ndani ya kiungo. Tukiwa hatujasogeza chochote, binti aliweka ncha moja ya mita kwenye plagi na nyingine kwenye solenoidi, ufunguo ukiwa umewashwa. Waya mzima, ukiwa unabeba umeme wake, haupaswi kupoteza hata nusu volti kati ya ncha zake. Ule ulikuwa unapoteza karibu volti zote 24. Hakuna kilichokuwa kinafika nyuma.

Foromani aliuliza jambo zuri: hata waya ukiachia kwa kitambo tu, mbona injini haifufuki ukishika tena? Solenoidi ya aina ile ina koili mbili. Moja ni ya kuvuta, inakula ampea nyingi na hupewa umeme pale tu ufunguo unapopiga stata. Nyingine ni ya kushikilia, inakula karibu ampea moja na ndiyo inayobaki ikifanya kazi. Umeme ukikatika hata chini ya nukta moja, springi inasukuma pistoni, mafuta yanafungwa. Ukirudi, koili ya kushikilia haina nguvu ya kuvuta upya. Hitilafu ya kupepesa jicho inaleta kusimama kwa robo saa, na mtu anayeangalia kwa nje anaona opereta amekaa kabini hafanyi kitu.

Lilipowaka tena, mzee alilitoa mahali pa hatari na kuliegesha, sisi tukatia pini ya kufungia kiungo na kufungua waya hasi wa betri kabla mtu hajaingiza mkono. Ndani tulikuta chanzo. Fungu la nyaya lilikuwa limefungwa kwa nguvu kwenye hozi ya haidroliki kwa waya wa kufungia nondo. Bila shaka hozi ilibadilishwa siku moja, bano lake la mpira likapotea, na mtu akafunga kwa alichokuwa nacho. Tangu hapo nyaya zilikosa nafasi ya kulegea. Kila greda lilipokunjwa kushoto zilivutwa. Ganda la nje halikuwa na jeraha lolote. Ilibidi kuupapasa waya kwa vidole mpaka tukafika mahali palipolegea. Tulipochubua, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote ndani kwa ndani, ncha zake nyeusi kwa kusuguana. Hozi ile ilikuwa ya mafuta yanayorudi tangini, na mchana ilikuwa haishikiki kwa moto. Ganda la plastiki likipata joto lile linalainika na kurefuka, na ncha zinaachana. Asubuhi, ganda likiwa gumu, linazikandamiza pamoja. Ndiyo sababu ya saa nane, na ndiyo sababu ya kona.

Kutengeneza hakukuchukua muda. Tulipitisha waya mpya wenye nyuzi nyembamba nyingi, usio na kiungio chochote ndani ya sehemu inayokunjika. Viungio tuliviweka mbali, kila upande, kwa kubana kwa koleo na kufunika kwa mpira wa joto wenye gundi. Sikutumia lehemu, kwa kuwa lehemu huufanya waya kuwa mgumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko utakapoukata tena. Nyaya nyingine za fungu lile tulizivuta moja moja kwa mkono, na zilizoonyesha kulegea tukazibadilisha pia. Tuliacha urefu wa kutosha kwa mkunjo wa pande zote mbili, tukafunga kwa mabano yenye mpira, mbali na hozi.

Foromani alitaka tusaini karatasi jioni ile. Nilikataa. Mtambo uliozima mchana hauthibitishwi jioni. Kesho yake balbu zetu tatu zilibaki mbele ya opereta, na saa nane, jua kali, mzee akarudi kwenye kona ile ile, akalikunja kushoto mpaka mwisho, akalinyoosha, akalikunja tena, akichonga. Taa zote ziliendelea kuwaka. Ndipo tukasaini. Kisha tukaijaribu solenoidi ya zamani, ile iliyong'olewa, kwa kuiunganisha na betri: ilivuta na kushikilia bila tatizo. Altaneta iliyotolewa ilikuwa inachaji. Vifaa vizima vilikuwa vimelala stoo kama vibovu. Foromani, mbele ya wafanyakazi wote, alimwendea opereta akamwambia, "Mzee, tulikukosea. Naomba unisamehe." Mzee alimpa mkono na kumwambia kazi iendelee.

Tulishuka Mbamba Bay kumtengenezea mtu mwingine mtambo wake, kwa lami ya kilomita 66 inayotoka Mbinga hadi Ziwa Nyasa, na njia nzima binti aliniuliza juu ya balbu zile tatu. Nilimwambia balbu ni rahisi, kila fundi anaweza kuzitengeneza. Kigumu ni kukaa na opereta kabla ya kufungua boneti, na kumwamini kiasi cha kupanga kipimo kwa maneno yake. Baadaye nilipata habari kwamba greda lilimaliza kazi na barabara ikafika vijiji vya juu kabla ya mvua.

Barabara nyingi za namna ile hujengwa kwa kodi zetu, kupitia TARURA na halmashauri, na kila siku ambayo greda limesimama ina mtu anayeilipia: mkulima, mgonjwa, mfanyabiashara wa kahawa. Kwa hiyo ninaomba jambo dogo kwa wakandarasi na wasimamizi wao. Wekeni daftari katika kila kabini, na mpeni opereta muda na heshima ya kuliandika. Mtambo ukizima, aandike saa, mahali, mtambo ulikuwa umekaaje, umefanya kazi kwa muda gani, taa zipi zilibaki zinawaka, na nini kiliurudisha. Fundi akifika asome kwanza. Na mtu akiomba fedha ya kifaa kipya, aulizwe ni mstari gani wa daftari hilo unaoonyesha kwamba kile cha zamani kimekufa. Asipokuwa na mstari huo, fedha isitoke.